Baba mdogo anafuga mbwa wa kuuza, sasa wamemshinda na hataki kukubali. Nifanyeje?

Binti wa Mlandizi:

Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri ila naomba msinicheke, manake najua humu watu wakisikia mbwa tu utani unaanza.

Iko hivi. Nina baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, yupo huku mkoa wa Pwani. Alivyostaafu serikalini akapata kiinua mgongo chake akasema yeye hafugi kuku kama wastaafu wote, yeye anafuga mbwa. Akaanza na jemani shepadi, dume moja na majike mawili, baadae akaleta rotwaila. Na mwanzoni ilikuwa biashara kweli sio uongo, mabanda ya tofali, sakafu ya zege yenye mteremko ili maji yasituame, kila mbwa na kadi yake ya chanjo, kijana wa kazi analala pale pale, watu wanatoka Dar na magari yao wanafata vitoto na wengine wanatuma advansi kwa simu kabla hata jike hajazaa. Mtaa mzima wanamwita Mzee wa Mbwa na yeye anafurahi.

Sasa mama mdogo akaanza kuumwa figo. Hela ikawa inaenda hospitali, kijana wa kazi halipwi akaondoka, alafu na wateja wakapungua kwa sababu kila mtu sa hivi anafuga shepadi. Vitoto visivyouzwa vikakua palepale bandani, vikaanza kupandana vyenyewe kwa vyenyewe, ndugu kwa ndugu, mpaka juzi nilipoenda kumjulia hali mama mdogo nikahesabu nikafika ishirini na kitu nikaacha kwa sababu wengine wako kwenye giza nyuma huko siwaoni.

Jamani. Mbavu zote nje. Kupe wamejaa masikioni. Wengine manyoya yametoka ngozi imekuwa nyeusi imekakamaa inanuka, majike matiti yananing'inia na bado kuna vitoto vinanyonya, ndoo ya maji ina ukijani. Kinyesi ndo sisemi. Alafu hata wajukuu wanaokaa pale wanajikuna mikono na tumbo usiku kucha, mama mdogo anasema ni joto.

Kilichoniumiza zaidi nimekaa pale sebuleni nasikia baba mdogo anaongea na mteja kwenye simu anamuahidi vitoto vya mwezi ujao. Mwezi ujao! Nikajaribu kumgusia kidogo tu kwamba baba mdogo mbwa wamekuwa wengi, akaninyamazia, alafu akasema "wewe umekuja kumuona mama yako au umekuja kukagua?" Nikaishia hapo. Mimi ni mtoto kwake, amenilipia ada mpaka kidato cha sita, naanzaje kumwambia?

Na sio kwamba hawapendi, hilo naomba mnielewe. Wote ana majina yao. Kuna dume mzee anaitwa Simba ndo wa kwanza kabisa, anakula naye sahani moja kabisa. Ila hawaoni walivyo, sijui niseme hawaoni au hataki kuona.

Nimripoti? Wapi? Na wakiripotiwa hao mbwa wanapelekwa wapi, si watapigwa risasi tu? Naomba anayejua.

Chuma Ulete:

Watu wanakosa hela ya panadol wewe unalilia mbwa. Fungua geti waende zao, shida imeisha. Next.

Mzee wa Banda (Arusha):

@Chuma Ulete wewe ukifungua geti mbwa ishirini wenye njaa wasiochanjwa wakaingia mtaani, ndani ya wiki wanakula mbuzi wa watu na mtoto ameng'atwa akienda shule. Sindano za kichaa cha mbwa kwa aliyeng'atwa unazijua bei yake na unajua hospitali ngapi hazina? Tuache utani kwenye hili.

Binti pole sana. Mimi nimefuga na kuuza mbwa miaka mingi huku Arusha na hiki unachokielezea nimekiona kwa wafugaji wengi kuliko wanaokubali kusema, na karibu wote walikuwa watu wazuri wanaopenda mbwa kama huyo baba mdogo wako. Hii biashara ina hesabu moja ambayo mtu haambiwi akiwa ananunua jike. Jike anaingia joto karibu kila miezi sita. Mimba ni miezi miwili na siku chache. Shepadi au rotwaila anazaa saba, nane, wapo wanaofika kumi na mbili. Sasa chukua majike manne, mzao mara mbili kwa mwaka, saba saba kila mzao: vitoto 56 kwa mwaka. Ukiwa na wateja 56 wewe ni tajiri. Ukiwa na wateja 30, wale 26 waliobaki wanakula kila siku, na baada ya mwaka nusu yao ni majike na wenyewe wanaingia joto. Yaani mwaka mmoja tu mbaya wa soko unatosha, hauhitaji hata ugonjwa wa mke.

Na chakula ndo kinamaliza. Mbwa mkubwa wa kilo 40 anataka kama kilo moja na zaidi ya chakula kilichopikwa kwa siku, dona na dagaa au vichwa vya kuku. Mbwa ishirini ni sufuria ya jeshi kila siku ya Mungu, na kuni, na mtu wa kupika. Sasa mfugaji akianza kubanwa hakati mbwa, anakata chakula. Anatoa dagaa kwanza. Alafu dona inakuwa pumba. Alafu milo miwili inakuwa mmoja. Alafu chanjo anasema nitachanja wakipata wateja, dawa ya kupe mwezi ujao, na kila hatua ukiitazama peke yake ni ndogo tu, mtu anaamka na kulala na hao mbwa kila siku hawezi kuona walivyokonda, wewe uliyekaa miezi hujaenda ndo unaona. Kwa hiyo ukimwambia unawatesa anakuona unamtukana kweli, sio anajifanya.

Alafu hapo hapo kwa akili yake suluhisho la deni ni mzao mwingine. "Nikiuza hawa nane nitalipa duka la chakula." Hapo ndo wanaponaswa wote. Mbwa aliyekonda anazaa vitoto dhaifu, vitoto dhaifu vinakufa au vinauzwa bei ya kutupa, deni linabaki na mama amekonda zaidi.

Ushauri wangu mimi usianze na usafi wala chakula wala polisi. Anza na kitu kimoja: madume yatengwe na majike LEO. Hata kama banda chafu, hata kama chakula hakuna, vizazi vikisimama tatizo linaacha kukua na baada ya hapo chochote mtakachofanya kinaonekana. Vizazi visiposimama mtachanga hela mpaka mchoke.

Na kwa mnaonunua humu, mfugaji akianza kukwambia "tukutane barabarani nitakuletea kitoto", hataki ufike bandani, hataki umuone mama wa vitoto, ujue tayari kule ndani kumeshaharibika. Wakati mambo mazuri huyo huyo alikuwa anakutembeza banda moja moja na soda unapewa.

Dokta Kupe:

Nimesoma. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA pale Morogoro, natibu zaidi ng'ombe ila mbwa naitwa sana. Nitaongea ya kitabibu tu.

Kwanza hao watoto wanaojikuna. Binti hiyo sio joto mpaka ithibitike kuwa ni joto. Ukurutu wa mbwa unaosababishwa na vidudu vinavyochimba ngozi unaruka kwa binadamu, hasa anayewabeba na kulala nao, unawasha vibaya usiku kwenye mikono, tumbo na kiuno. Kwa binadamu kwa kawaida hauzaliani ukadumu, ukitibu mbwa na kufua mashuka unaisha, ila ukiacha mbwa wako hivyo wataendelea kuambukizwa kila siku. Wapelekeni zahanati na wamwambie daktari kabisa kwamba nyumbani kuna mbwa wenye ukurutu, wasipomwambia atawapa dawa ya fangasi. Na hii binti nakwambia kwa sababu nyingine, ndo mlango wako wa kuingilia kwa mzee. Hatasikia habari za mbwa ila habari za wajukuu atasikia.

Pili, TAFADHALI msiwape chakula kingi siku moja. Najua mtaenda na huruma na gunia la dona na utumbo mkawajazia. Mbwa aliyekaa na njaa wiki nyingi akila kwa pupa madini ya fosfeti kwenye damu yanashuka ghafla, na moyo na misuli inaweza kugoma, anakufa siku mbili tatu baada ya kushiba na watu wanasema kalogwa. Kidogo kidogo, mara tatu nne kwa siku, mnaongeza polepole ndani ya wiki nzima au zaidi. Maji safi muda wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inachongoka inatoboa utumbo.

Tatu dawa za mtaani. Kuna watu watakuja kukushauri oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu. Hapana. Mbwa anailamba, inaharibu ini na figo na ngozi inaungua juu ya ugonjwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo watu wanakadiria kwa jicho, vitoto wanakufa wamelala. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe inafanya kazi kwa mkono wa anayejua kipimo, ila mbwa wenye asili ya koli na baadhi ya shepadi wana kasoro ya kurithi dawa inapenya kwenye ubongo, anaanza kuyumba, anapofuka, anaenda. Sasa hao wa baba mdogo wameshazaliana ndugu kwa ndugu, kama kasoro ipo basi imeshaenea kwa wengi. Muiteni mtu.

Nne majike. Usikubali mtu awapige sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu, nayo hii inafanyika sana ni rahisi na inapatikana. Homoni ile inaongeza hatari ya kizazi kujaa usaha. Dalili zake ni wiki nne mpaka nane baada ya joto, jike anakunywa maji kupita kiasi, hali, anatoa uchafu unaonuka kwa nyuma, na wakati mwingine hautoki kabisa tumbo linajaa tu. Huyo ni operesheni ya haraka. Cheki pia kama kuna wenye uvimbe mwekundu unaovuja damu sehemu za siri, madume kwa majike, ule ni uvimbe unaoambukizwa wakipandana, kwenye banda la mchanganyiko kama hilo ukiwa kwa mmoja jua upo kwa wengi. Unatibika kwa sindano za vinkristini kila wiki na wengi wanapona kabisa kwa hiyo usikubali mtu akuambie huyo ni wa kuua.

Mzee wa Banda kasema tenga madume, sawa kabisa, naongezea tu kwamba kuhasi madume ni rahisi na bei nafuu kuliko kuwafunga majike kizazi, lakini dume akihasiwa leo bado ana mbegu wiki kadhaa mbele. Watu wanahasi wanarudisha bandani siku ya tatu, miezi miwili baadae vitoto tena, wanasema daktari tapeli. Mtenge kama wiki sita.

Na kama kuna vitoto wanaharisha damu na kutapika, usihamishe mbwa yeyote hapo. Hiyo ni pavo mpaka ithibitike vinginevyo, virusi vyake vinakaa kwenye udongo mwaka na zaidi, sabuni haivimalizi. Jiki kwenye maji, moja kwa thelathini, juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa kinyesi, iache dakika kumi. Ndo faida ya ile sakafu ya zege.

Nairobi Kwa Sasa:

Mimi nitaongea tofauti na wazee hapo juu. Ripoti. Mnamhurumia huyo buda sana na mbwa wanaumia.

Huku kwetu tumeona hii story mpaka imetuchosha. Mtu anaishi ploti ya hamsini kwa mia, ako na mbwa thelathini nyuma ya nyumba, vitoto vinauzwa kwa raundabauti vikiwa vimewekwa kwa katoni juani, mteja anafika nyumbani na pavo. Hapa tuko na KSPCA, ni shirika la kutetea wanyama, na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Cap 360, iko tangu zamani. Ukipiga simu watu wanakuja kuangalia. Sio eti kila kesi inafika kortini, hapana, lakini mtu akijua kuna mtu anaweza kuja anaanza kujipanga.

Na msidanganywe na makaratasi pia. East Africa Kennel Club inaandikisha mbwa wa ukoo na kuna wafugaji wazuri sana huko, lakini cheti kinakuambia baba na mama ya mbwa ni nani, hakikuambii wanakula nini. Nimeona banda chafu na vyeti viko kwa ukuta vimewekwa fremu.

Alafu huyo buda anachukua advansi ya vitoto ambavyo mama yao ako karibu kukufa. Hiyo si bahati mbaya tena, hiyo ni kuuzia watu shida. Wewe msichana unamwogopa kwa sababu alikulipia fees, sawa, lakini mbwa hawakulipiwa fees na mtu.

Shangazi wa Tanga:

Mwanangu wa Nairobi umesema kweli lakini umesema kama mtu asiye na baba mdogo.

Binti, salaam. Kosa usifanye la kumkabili wewe. Mtoto hamkosoi mzazi mbele ya wajukuu zake ndani ya nyumba yake mke wake anaumwa, hata ukiwa na haki hatakusikia, atasikia kiburi tu. Tafuta mkubwa. Baba yako marehemu alikuwa na dada? Kama shangazi yupo, yeye ndo wa kwenda. Shangazi anaweza kumwambia kaka yake neno lolote akakasirika leo kesho wakacheka. Kama hayupo tafuta rafiki yake wa kazini, mstaafu mwenzie, mwanaume wa rika lake, aende kama anamsalimia. Na aende akiwa na jambo la kumpa, asiende na maneno matupu. "Tumesikia mama anaumwa, tumekuja na mchele, na tumekuja na kijana wa kukusaidia kule bandani kwa mwezi mmoja." Hapo mtu anafungua mlango mwenyewe. Ukienda na lawama anafunga.

Na wale wanaosema mbwa ni najisi tuwaache wafe, mimi ni Muislamu, mbwa simgusi na swala zangu nazilinda. Lakini kila mtoto wa chuo anaijua hadithi ya yule aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na anaijua ya yule mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Najisi ni ya kuoshwa. Njaa ya mnyama uliyemfungia ni dhima shingoni kwako.

Mbeba Boksi Leicester:

Wakuu huku Uingereza msidhani ni peponi. Corona ya 2020 watu wamefungiwa ndani kila mtu akataka mbwa, bei za vitoto kwa baadhi ya aina zikapanda zaidi ya mara mbili, watu ambao hawajawahi kumiliki hata kuku wakaanza kuzalisha sebuleni. Mambo yalivyofunguka watu wakarudi kazini soko likaanguka na hapo ndo ukaanza kusikia majumba yamekutwa na mbwa hamsini, wengine watu wa heshima tu waliozidiwa.

Ila sheria zao mimi nazipenda. Hapa England ukizalisha mizao mitatu au zaidi kwa mwaka ukauza lazima uwe na leseni ya halmashauri, wanakuja kukagua, na mwenye leseni hatakiwi kumzalisha jike zaidi ya mara moja ndani ya miezi kumi na mbili. Alafu tangu Aprili 2020 kuna kitu wanaita Lucy's Law, kimepewa jina la mbwa mmoja aliyeokolewa Wales kwenye shamba la kuzalishia, mgongo umepinda kwa kukaa kwenye kitundu. Inakataza madalali wa biashara kuuza vitoto vya chini ya miezi sita, ununue kwa mzalishaji mwenyewe na umuone mama yake na vitoto. Ile kitu Mzee wa Banda kasema ya "tukutane barabarani", huku imekuwa sheria kabisa.

Nyumbani nako sheria ipo watu hawajui tu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, Tanzania hiyo hiyo. Kwa hiyo sio kwamba binti hana pa kushika.

Dokta Kupe:

@Mbeba Boksi sahihi, ni sheria namba 19 ya 2008. Kwa vitendo binti asianze na kituo cha polisi, askari wa zamu atacheka. Aanze na afisa mifugo wa kata, huyo yupo karibu na anajua watu, na juu yake daktari wa mifugo wa wilaya. Afisa akienda anaweza kwenda kwa jina la chanjo ya kichaa, ni kazi yake ya kawaida, hakuna aibu, kaingia ameona. Wilaya nyingi wanachanja bure au kwa bei ndogo kuelekea tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Na kuhusu kupigwa risasi. Sitakudanganya, kwa kuwa makazi ya mbwa walioachwa ni machache mno kwetu, mbwa ishirini wakichukuliwa kwa mkupuo hakuna pa kuwaweka. Ndo maana mimi naegemea kwa shangazi kwanza, sheria iwe nyuma ya mlango. Lakini nyuma ya mlango iwepo. Mzee akipewa msaada akaendelea kupandisha, hapo namuunga mkono wa Nairobi.

Pia jiandaeni, wachache pale itabidi walazwe usingizi wa mwisho kwa sindano. Aliyezeeka na viungo vimekwisha, au aliyekaa kwenye mnyororo mpaka anang'ata kila kinachosogea. Kumpa mtu mbwa wa namna hiyo ili tu nafsi zetu zitulie ni kumhamishia hatari.

Binti wa Mlandizi:

Wakuu nimerudi, samahani kimya. Asanteni sana, hata wewe wa Nairobi umenichoma ila asante.

Nimefanya kama alivyosema shangazi wa Tanga. Shangazi yangu yupo Bagamoyo, nikamfata nikamuelezea, akanisikiliza mpaka mwisho akasema "kumbe ndo maana haniiti tena kwake". Akaenda yeye na rafiki yake baba mdogo waliyefanya naye kazi, na mimi nikaenda nyuma yao kama nabeba mizigo tu. Hawakutaja mbwa kabisa mpaka baada ya chakula. Walianza na wale watoto wanaojikuna, zahanati walishasema ni vijidudu vya mbwa kama Dokta alivyosema. Baba mdogo akakaa kimya muda mrefu alafu akasema nyie hamjui, nikipunguza hawa mbwa nitakuwa nafanya nini mimi hapa. Nililia kwa kweli.

Madume yametengwa. Yapo upande wa stoo, yule rafiki yake kaleta wavu na kijana wake. Afisa mifugo kaja kachanja wote kichaa, kafika mpaka kule nyuma kwenye giza kakuta ishirini na saba ukiacha vitoto. Advansi ya yule mteja kairudisha, hiyo shangazi ndo kamsimamia mpaka simu ikatoa mlio. Majike wawili wana mimba tayari hiyo hakuna namna, na mmoja ndo ana ule uvimbe unaovuja, ameanza sindano.

Tatizo lililobaki ni kuwagawa. Baba mdogo kakubali wabaki sita ila kila tukimtaja mmoja anasema huyu hapana, huyu ni mtoto wa Simba. Wote ni watoto wa Simba! Alafu watu wameanza kupiga simu wanawataka bure, wengine siwaelewi elewi.

Mzee wa Banda (Arusha):

Umefanya kazi kubwa. Msigawe kwa haraka. Mwambie mzee yeye ndo achague nani anastahili kupewa, amhoji kila anayekuja kama alivyokuwa anahoji wateja zamani. Unamrudishia kazi yake, alafu utaona orodha ya "huyu hapana" inapungua yenyewe. Asitoke jike yeyote bila kufungwa kizazi, la sivyo mnahamisha banda tu mnalipeleka kwa mtu mwingine. Mimi nina mtu Moshi wa shamba la kahawa anataka wawili, wakimaliza dawa za ngozi niambie.

Chuma Ulete:

Kwani hao rotwaila ni bure kabisa? Nina yadi ya magari Tabata nahitaji mmoja.

Mzee wa Banda (Arusha):

@Chuma Ulete si ulisema tufungue geti? Haya jibu: yadi ina kivuli? Atafungwa mnyororo au atatembea? Jumapili mkifunga nani anampa chakula?

Chuma Ulete:

Kivuli kipo, kuna mwembe. Mnyororo mchana tu wateja wakiwepo. Jumapili sijui aisee, ngoja nimuulize mlinzi.